Daftari la Mahudhurio

Karibu, mkaguzi. Najua siku hizi mnaitwa wadhibiti ubora.
Kalia kreti hiyo ya bluu,
hii nyingine ina msumari.
Ndiyo, hili ni ghala la nyavu, na ule ubao
ulikuwa mlango wa choo cha mwalo.

Daftari hili hapa.
Jumatatu mpaka Ijumaa nilizifuta mwenyewe.
Nimeandika Giza, Giza, Giza,
halafu Mbalamwezi, na chini yake alama za vema.
Giza likiingia Kibirizi usitafute mwanafunzi:
wako katikati ya ziwa, taa zinawaka,
dagaa wanapanda kutazama nuru wasiyoiomba.
Mwezi ukinenepa, taa inakosa heshima,
vipe vinalala mchangani vimeshikana mikono,
na mimi napata darasa.
Linakuja saa kumi, linanuka magamba,
linauliza: Mwalimu, leo tunaanza na nini?
Miaka kumi na tisa ya kazi
sikuwahi kuulizwa hivyo.

Sasa fomu yako.
Sababu ya kuacha shule: umbali, umaskini, mimba, mengineyo.
Gwasa, mstari wa tatu, nimemtilia mengineyo.
Mengineyo ni mimi.
Alikuwa darasa la tano, dawati la nyuma, anasinzia.
Nilimchapa asubuhi nne mfululizo,
sikuuliza usiku alikuwa wapi.
Asubuhi ya tano dawati lilikuwa macho,
halina mtu.

Nilimwona tena mwaloni, miaka mitatu baadaye.
Nilifuata dagaa wa mboga.
Alikuwa amechuchumaa anagawa pesa:
fungu la mwenye chombo, fungu la mafuta,
fungu la kushona nyavu, kinachobaki kwa watu saba,
mmoja wao nusu fungu kwa kuwa bado mdogo.
Hakuna kalamu. Hakuna aliyenung'unika.
Nami nimesimama na kikapu
kama mtoto aliyechelewa namba.
Nikamwambia, hizo ndizo sehemu, Gwasa,
zile ulizozilalia.
Akanitazama mikono kwanza.
"Unayo fimbo?"
Sina.
"Basi mwezi ukijaa."

Alikuja na wenzake watano. Nilileta chaki mbili.

Mstari wa sita, wino mwekundu, ni Mwamini.
Anauza mawese, ana mtoto, Sikitu.
Shuleni walimwambia sare haimtoshi tena.
Hapa hatuna sare.
Mtoto akilia, wengine wanataka tunyamaze,
wengine tusome kwa sauti tumshinde;
bado hatujaafikiana.
Juzi aliisoma kadi ya kliniki, neno kwa neno,
akakuta jina la mwanawe limekosewa herufi,
akafunga kanga akaenda kumkabili nesi.
Hilo, fomu yako haina pa kuliandika.

Bilombele, mstari wa nane, usimkate.
Alivuka kwenda Kalemie tangu mvua za Machi.
Tunasema anarudi. Hakuna aliyesikia lolote.
Namwachia nafasi, mwezi baada ya mwezi,
na nafasi yake inakula karatasi.

Asilimia? Nikupe ipi,
ya jua au ya mwezi?
Sikatai, tunakwenda polepole.
Wiki mbili za giza zinafuta nusu ya nilichofundisha,
tunaanza tena pale maji yalipoacha mchanga.
Yuko mmoja bado anaandika jina lake
kuanzia mwisho, kama anavuta kamba.
Namwacha avute.

Tatizo umekuja siku mbaya. Mwezi ulikufa jana.
Ukitaka kuwaona, toka nje, sogea pale kwenye chanja,
wala usitazame, sikiliza.
Injini ya kwanza siijui ni ya nani.
Ile ya pili, inayokohoa,
ndiyo darasa langu linaondoka.